Idhini ya Sadallah

Bagamoyo
Ijumaa, 17 Septemba 1971

Mdogo wangu Sadallah,

Assalamu alaykum. Huku tu wazima, Mungu ashukuriwe, ila uzima wetu unaujua. Mimi macho yananiuma kwa kushona kofia, na Mama ni yule yule wa kitandani. Upande wa kushoto haujarudi tangu kile kiharusi. Ulimi mzito, lakini aliyemzoea anamwelewa, na asipoeleweka hugonga ubao wa kitanda kwa upawa wa kifuu mpaka mtaa mzima ujue hapa kuna mtu. Jirani yetu Bimdogo anakusalimu. Anauliza kama huko Uingereza umepata mwili au bado umekonda kama ufito. Nimemwambia umenenepa. Kama si kweli, nenepa.

Ngoja, anagonga.

Nimerudi. Alitaka kugeuzwa. Daktari amesema asilalie upande mmoja zaidi ya saa mbili, mgongo utatoka vidonda. Basi mchana namgeuza, usiku namgeuza, nikimwambia amekuwa chapati yangu anacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Sasa neno lenyewe. Nimeposwa. Usianguke kitini. Ni Kibwana, bwana afya wa Mkange, yule aliyekuja kukagua vyoo vya mtaa wetu akasema chetu ndicho safi kuliko vyote. Bimdogo anasema hajapata kusikia posa iliyoanzia chooni. Mke wake alifariki mwaka juzi, hakuacha mtoto. Mimi nina miaka ishirini na tisa, na unajua watu wa hapa wanavyomsema mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliye kwao. Nampenda, Sadallah. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Baba hakuacha ndugu wa kiume. Wali wangu, mwenye haki ya kuniozesha, ni wewe, wewe niliyekubeba mgongoni mpaka Kaole na kurudi, ukilia njia nzima. Mwalimu Rajabu wa msikitini anasema kwa kuwa uko mbali, sheria inamruhusu kadhi aniozeshe. Mama amekataa katakata. Anasema binti mwenye ndugu wa kiume aliye hai haozwi na kadhi kama mtoto wa kuokotwa. Kwa hiyo tunangoja karatasi yako. Mistari miwili tu, umpe Mwalimu Rajabu uwakili wa kuniozesha, utie sahihi.

Na nisikufiche upande wa pili. Kibwana atanichukua Mkange. Barabara ile unaijua, na daktari ameapa kwamba Mama akipakiwa kwenye gari hafiki mto Wami. Kwa hiyo ukitoa idhini, na wewe urudi ukae naye. Uliniambia masomo yanaisha Desemba. Kibwana yuko tayari kungoja mpaka hapo.

Anagonga tena. Anasema nikuandikie hivi: "Mwoze dada yako, nami nipumzike." Nimeandika kama alivyosema.

Dada yako,
Mwanamvua


Birmingham
9 Oktoba 1971

Dada Mwanamvua, shikamoo.

Na Mama mpe shikamoo yangu, umbusu mikono yote miwili, na ule usiosikia. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya blanketi. Mwili bado. Mwambie Bimdogo chakula cha huku ni viazi na masikitiko.

Posa nimeisikia na nimefurahi, wallahi nimefurahi. Kibwana namkumbuka, mtu mstaarabu.

Lakini hebu nikueleze nilipo, upate kunielewa. Unakumbuka Desemba mwaka jana redio ilisema kimerushwa chombo kutoka baharini karibu na Malindi, kikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya? Chombo kile kinatafuta eksirei zitokazo mbinguni. Eksirei zile zile zinazopiga picha ya mifupa hospitalini. Hewa yetu inazizuia, ndiyo maana sharti chombo kipande juu ya hewa. Na kimeviona vitu huko, Dada, vinavyotoa eksirei kwa nguvu iliyo mara maelfu ya nguvu za jua letu lote. Ni vitu gani? Ndilo swali ambalo watu hawalali kwa ajili yake.

Profesa amenipa kimoja nikichunguze, namba tisa katika orodha yetu. Ni mkanda wa tarakimu, leo hesabu kubwa, kesho kubwa, halafu ghafla sifuri. Kinazimika kama taa iliyopulizwa, baada ya saa kadhaa kinawaka tena. Profesa anasema ni ubovu wa mtambo. Ikiwa ni mtambo, miaka yangu miwili imekwenda na maji. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia siku na saa zote kilipozimika, uone kwamba sitii chumvi. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu, mwenzako nimekwama.

Idhini nitaleta. Nipe muda kidogo nimalize jambo hili, nisiandike kwa pupa. Mstahimilivu hula mbivu.

Mdogo wako,
Sadallah


Bagamoyo
Ijumaa, 12 Novemba 1971

Mdogo wangu Sadallah,

Marahaba. Mfungo unaelekea mwisho, watu wamekonda na maneno yamewaongezeka. Mama hafungi, na hilo linamliza kuliko ugonjwa. Kila jioni ananiomba nimpe tende ya kufuturia kama waliofunga, nami nampa.

Mstahimilivu hula mbivu, ndiyo. Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili tulifundishwa na Baba, mbona wewe umekumbuka moja?

Nimezitazama saa zako. Nilizitazama kwa hasira kwanza, maana nilifungua bahasha nikitafuta karatasi yangu nikakuta sifuri. Halafu nikashona kofia huku nimeziweka pajani. Sikiliza basi. Kofia ina vitobo. Tundu la panya huliona popote, halina mpango. Lakini ukiona tundu, halafu nafasi, halafu tundu, halafu nafasi ile ile, hapo hakuna panya, hapo pana mshonaji. Nimezihesabu

Anagonga.

Nimerudi. Uji umemwagika, kanga mbili nimebadilisha. Nilikuwa nasema nimezihesabu saa zako mara tatu. Namba tisa kinazimika kila baada ya siku tatu kasorobo. Pale ambapo hukuandika kitu ni kwa sababu chombo kilikuwa kinatazama kwingine, lakini ukiziba mapengo hayo mpango uko pale pale, haukosei hata mara moja. Mtambo mbovu hauwi na adabu namna hiyo. Nami naona hakizimiki, bali kinakwenda nyuma ya kitu. Kama mume wa wake wawili: akikosekana kwako siku ya zamu si kwamba amekufa, yuko kwa mwenzio, na mlango umefungwa. Mtafute mke mwenza.

Haya, kazi yako nimekufanyia. Sasa fanya yangu. Kibwana alikuja juzi, ameleta kuku wawili na dawa ya mbu. Aliuliza kwa adabu, "Barua ya Uingereza vipi?" Nikasema iko njiani. Sadallah, usinifanye mwongo mbele ya mtu ninayemtaka.

Anagonga, na mvua za vuli zinaingia dirishani. Nafunga.

Mwanamvua


Birmingham
20 Desemba 1971

Dada yangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo mara tatu kasorobo!

Umepatia. Loo, umepatia! Nilikwenda na hesabu yako kwa Profesa, akachukua penseli, akazipanga saa zote upya kwa siku tatu kasorobo, na matundu yote yakaangukia mahali pamoja. Alinishika mkono akasema sasa nimekuwa mwanasayansi. Na Waamerika wenye chombo wameona jambo kama hilo hilo kwenye chanzo kingine, cha kule kusini. Vitu hivi haviko peke yake. Ni nyota mbili zinazozungukana, moja inatoa eksirei, nyingine ni kubwa, na kila mzunguko ile kubwa inaificha ndogo. Mke mwenza wako yupo!

Sasa kazi ni kumtafuta kwa darubini, kumjua ni nyota ipi, na kumpima. Profesa ameniombea muda mpaka Juni. Siwezi kukataa, Dada. Mtu wa kwetu hapati nafasi hii mara mbili.

Kuhusu idhini, nimefikiri sana. Naona ni heshima zaidi nikija mwenyewe, nikae mkekani, nishike mkono wa Kibwana mbele ya watu, kuliko karatasi. Mwambie avumilie mpaka Juni. Mwanamume anayekutaka kweli atangoja.

Mama mbusie mikono. Je, vidonda vya mgongo havijatoka? Najua hutoi nafasi vitoke.

Sadallah


Bagamoyo
Ijumaa, 28 Januari 1972

Sadallah,

Idi ya Kuchinja tumeila wiki hii. Bimdogo alituletea nyama, Mama alikula vipande viwili vidogo kama vya kulisha kifaranga. Salamu zimekwisha.

Ulimwambia Profesa wako ni nani aliyezihesabu zile saa? Sitaki sifa, nauliza tu. Umeandika alikushika mkono. Mimi mkono wangu umeshikwa na sindano na

Anagonga.

Kidonda kimetoka. Nilikuwa sitaki kukuambia, lakini umeuliza na sitaki kukudanganya. Kiko chini ya kiuno, kadiri ya sahani ya kahawa. Nimekisafisha kwa maji ya chumvi na hakulia, mimi ndiye niliyelia. Wiki kilipoanza nilikuwa na homa nikalala, Bimdogo akasahau kumgeuza tangu adhuhuri mpaka magharibi. Simlaumu Bimdogo, ana nyumba yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa nisikilize. Mama yake Kibwana amechoka. Anasema mwanawe anafanywa mtoto na mtu aliyeko Ulaya asiyejibu ndiyo wala hapana. Amemtafutia binti wa Saadani. Kibwana amekuja mwenyewe kuniambia, amekaa barazani, kofia mkononi, hakunificha kitu. Amesema atamzuia mama yake mpaka mwisho wa Februari, baada ya hapo hana nguvu. Nilimwambia Mama tumfuate kadhi basi. Aligeuza uso ukutani akakataa kula siku nzima. Anasema mwanawe hakufa.

Usiniambie habari ya heshima ya kukaa mkekani. Ninajua unachokiogopa, nawe unajua ninajua. Idhini yako ina mguu wa pili, nao ni wewe kuja kushika shuka hii kwa upande wa pili. Ikiwa hutaki, sema hutaki. Nipe au ninyime, lakini sema. Unanila polepole kwa kunyamaza

Anagonga. Nakuja, Mama, nakuja.

Barua hii naifunga ilivyo.

Mwanamvua


Birmingham
18 Februari 1972

Dada, shikamoo.

Barua yako imenikata maini. Nimeisoma nikatoka nje kutembea kwenye theluji bila koti. Kidonda cha Mama hakinitoki machoni. Nimekutumia kwa posta dawa ya unga, umnyunyizie asubuhi na jioni.

Usiseme nakula wewe. Niko ukingoni mwa jambo, Dada, ukingoni kabisa. Tumeipata nyota yenyewe. Ni kubwa, ya samawati, imekuwepo kwenye picha za darubini miaka yote na hakuna aliyeijali. Tulipoupasua mwanga wake rangi kwa rangi tuliona inayumba. Inatujia, inarudi nyuma, inatujia, kwa siku zile zile tatu kasorobo. Kuna kitu kinaivuta. Chenyewe hakionekani kwa darubini yoyote, lakini kwa jinsi anavyomyumbisha mwenzake tunajua yupo, na tunajua hata uzito wake. Hivyo ndivyo asiyeonekana anavyojulikana.

Na asili ya ule mng'ao sasa tunaifahamu, au tunakaribia. Ile ndogo ni maiti ya nyota. Ilikwisha kufa zamani, imejikunja ikawa ndogo kuliko wilaya ya Bagamoyo, lakini nzito kuliko jua. Haina moto wake. Inamvuta mwenzake upepo na ngozi yake, na vile vitu vinapoanguka juu yake vinachemka mpaka vinatoa eksirei. Ule mng'ao wote tunaoustaajabia, hakuna hata chembe iliyo yake.

Ni lazima niyaandike haya kabla wengine hawajayaandika. Miezi minne tu. Mwambie Kibwana azungumze na mama yake tena.

Nisamehe.

Sadallah


Bagamoyo
Ijumaa, 24 Machi 1972

Mdogo wangu Sadallah,

Salamu nyingi. Dawa ya unga imefika, ahsante. Masika yameanza mapema, barabara ya Mkange imeshakatika, na hapa kwetu paa linavuja upande wa jikoni, nimetega ndoo tatu. Bimdogo hajambo, ila miguu inamsumbua. Kofia nimemaliza nne mwezi huu, mbili kati yake ni zile za vitobo vidogo sana ambazo zamani zilikuwa zinanichukua wiki sita. Mmoja wa wateja wangu wa Zinga anasema hajaona kazi safi kama hii. Nimesoma barua yako ya nyota mara nyingi, nimeielewa yote. Ulieleza vizuri, mtu asiyesoma angekuelewa.

Mama anakusalimu. Anasema ujitunze na baridi.

Kuhusu jambo langu, bado nangoja karatasi yako. Masharti ni yale yale niliyokuandikia Septemba: unipe idhini, na wewe urudi umtunze. Sina la kuongeza.

Dada yako,
Mwanamvua


Birmingham
22 Aprili 1972

Dada Mwanamvua, shikamoo.

Nimefurahi kusikia sauti yako imetulia. Barua yako ya mwisho ilinishangaza kidogo, ilivyonyooka. Wino mmoja, mwandiko mmoja, kama ile mitihani yako ya darasa la nane. Niliisoma mara mbili, tatu.

Makala yangu imekubaliwa, itachapishwa kwa jina langu na la Profesa. Nilitaka kuandika chini kwamba hesabu ya kwanza ilifanywa na dada yangu, lakini hapa hawana desturi hiyo.

Mama vipi? Bado anagonga kitanda?

Sadallah


Bagamoyo
Ijumaa, 12 Mei 1972

Mdogo wangu Sadallah,

Marahaba. Mvua zimepungua, mchicha umeota mpaka mlangoni, na Bimdogo amepata mjukuu wa kike, wamemwita Mwaija. Nilikwenda kumwona, nikakaa huko tangu asubuhi mpaka alasiri. Ana nywele nyingi kama kofia ya sufi. Hongera kwa makala. Baba angefurahi. Angeninunulia na mimi kashata.

Umeuliza kuhusu Mama. Siku hizi ametulia. Hagongi.

Bado nangoja karatasi.

Mwanamvua


Birmingham
3 Juni 1972

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima kama inavyoniacha. Sasa naweza kukuletea habari njema mbili kwa pamoja.

Ya kwanza, nimepewa kazi hapa chuoni, miaka mitatu, kuendelea na vyanzo vingine vya eksirei. Namba tisa ndiyo iliyonifungulia mlango.

Ya pili ni yako. Nimetafakari nikaona sikuwa na haki ya kukuchelewesha, na sioni tena sababu ya kungoja. Ndani ya bahasha kuna karatasi, nimeiandika kwa mkono wangu: "Mimi, Sadallah bin Haji, wali wa dada yangu Mwanamvua binti Haji, nampa Mwalimu Rajabu uwakili amwoze kwa Kibwana, bwana afya wa Mkange, kwa mahari watakayoridhia." Nimetia sahihi mara mbili, na rafiki zangu wawili Waislamu wa hapa wameshuhudia.

Nenda Mkange kwa amani. Nakutakia nyumba yenye furaha na watoto. Mama mpe shikamoo yangu, mbusie mikono yote miwili.

Akupendaye daima,
Sadallah


Bagamoyo
Ijumaa, 30 Juni 1972

Sadallah,

Karatasi imefika. Nilimpelekea Mwalimu Rajabu. Aliisoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, sasa hii niifanye nini?" Kibwana alioa Saadani Jumapili ya tarehe 27 Februari. Simlaumu hata kidogo. Barua yako ya nyota na maiti yake ilinifikia siku mbili baada ya harusi.

Na Mama alifariki Jumatano, tarehe 8 Machi, baada ya alasiri. Sumu ya kidonda ilimwingia kwenye damu. Tulimzika siku ya pili yake asubuhi, ubavuni mwa Baba. Hitima imesomwa, arobaini imesomwa. Lakini hayo nakueleza bure, maana unayajua.

Unayajua tangu Aprili. Niliandika barua mbili bila kusimama hata mara moja, na ya kwanza wewe mwenyewe ukaiona imenyooka. Mtu aliyempima asiyeonekana kwa kuyumba kwa mwenzake, asitambue kwamba dada yake haitwi tena? Ukauliza kama anagonga. Nikakujibu kweli, hagongi. Nikangoja nione utafanya nini na kweli hiyo.

Utaniuliza kwa nini sikukuletea simu ya maandishi siku ile ile. Ndiyo, nilikuficha, na dhambi hiyo ni yangu, nitaibeba. Kibwana alikwisha kwenda, Mama alikwisha kwenda, nikabaki na jambo moja tu la kutaka kulijua: kama utanipa idhini ukiwa unaamini Mama yuko hai, inapokugharimu. Ungenipa hivyo, hata kwa kuchelewa, hata bila mume, ningekusamehe yote. Wallahi ningekuandikia siku hiyo hiyo tulie pamoja.

Ukanipa pale ilipokuwa haikugharimu kitu. Huoni tena sababu ya kungoja, umesema. Umemsalimia Mama vizuri, umembusu mikono, umenitakia safari njema ya Mkange, umesema wewe utakaa huko miaka mitatu. Karatasi nzima nimeigeuza mbele na nyuma kutafuta swali moja ambalo hata mwendawazimu angeuliza, sikulikuta. Hukuuliza nani atamgeuza Mama.

Nilipolikosa swali hilo nilikaa chini palepale mlangoni nikapiga ukelele, mpaka Bimdogo akaja mbio na miguu yake mibovu akidhani nimeumwa na nyoka. Mama nilikuwa nimekwisha kumlilia. Siku hiyo nilikulilia wewe.

Kuna jingine hulijui, na hili hukuweza kulipima. Siku ile ya mwisho, adhuhuri, akili ilimrudi Mama ikawa safi. Nilikuwa sijamwambia habari ya harusi ya Saadani. Akaniuliza, "Ya Sadallah imekuja?" Nikasema imekuja. Nikachukua ile barua yako ya nyota, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaifungua mbele ya macho yake, nikamsomea yasiyokuwamo. Nilisoma: "Mama, shikamoo. Mwozeni Dada, mimi nimeridhia. Mwezi ujao niko kwenu. Mwambieni asiondoke mpaka anifundishe namna ya kukugeuza, nisije nikakuumiza." Nilisoma polepole kama mtu anayesumbuliwa na mwandiko wako. Mama alifumba macho, akauchukua upawa, akagonga ubao mara tatu, taratibu, na mara hiyo hakuwa akitaka kitu. Kisha akaniambia nimlaze ubavu wa kulia, unaoelekea mlangoni.

Karatasi yako nakurudishia humu ndani. Upawa nimebaki nao. Nimezisoma idhini zako zote mbili kwa pamoja, hii uliyoiandika na ile niliyoitunga, na ni ile yangu tu iliyoandikwa na ndugu yangu.

Mwanamvua binti Haji